Kuutawala Moto wa Makaa: Namna ya Kubanika Nyama kwa Joto la Polepole



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo la jikoni ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni kazi ya bahati, ilhali ni kazi ya akili. Nalo ni namna ya kuushika moto wa makaa usizidi wala usipungue kwa muda wa saa 10 au 12, ili kipande kikubwa cha nyama ngumu kiive mpaka kiwe laini. Hatusemi habari za mishikaki. Mishikaki yataka moto mkali na mkono mwepesi. Kubanika kwataka moto mdogo na moyo mtulivu.

Neno lenyewe, kubanika, si geni kwetu. Watu wa pwani na watu wa maziwa makuu tangu zamani huwapanga samaki juu ya uchaga, wakawasha moto mdogo chini yake, na moshi ukawakausha wasioze. Lakini shabaha yao ni kuhifadhi chakula kwa kuondoa maji yake. Shabaha ya kazi tunayoieleza leo ni nyingine: nyama iive mpaka ndani, ilainike, ipate harufu ya moshi, na hata hivyo isikauke.

Kazi hii ilikua sana katika majimbo ya kusini ya Marekani. Huko zamani watu walichimba shimo refu ardhini, wakalitia makaa ya miti migumu, wakaweka nyama juu yake usiku kucha. Kabla ya utumwa kukomeshwa nchini humo mwaka 1865, waliokesha penye mashimo hayo kwa kawaida walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika, nao ndio waliokuwa mafundi wa moto. Katika jimbo la Texas wauza nyama waliotoka Ujerumani na Bohemia walileta desturi zao za kutumia moshi, na leo jimbo hilo lasifika kwa kubanika kidari cha ng'ombe. Kisha mwaka 1952 mtu mmoja wa karibu na mji wa Chicago, George Stephen, aliyefanya kazi katika karakana ya vyuma, alikata boya la chuma katikati, akalifanya jiko lenye mfuniko na matundu ya hewa. Jiko lile laonyesha wazi jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya: anayelitawala tundu la hewa ndiye anayeutawala moto.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini tujisumbue hivi? Jibu ni hili. Kidari kizima cha kilo 5 si kitu kidogo. Mwenye kukinunua kwa ajili ya arusi au sikukuu ametoa fedha aliyoichuma kwa siku nyingi, na wageni wake wanamtegemea. Moto ukimshinda, nyama itakuwa mkaa nje na ngumu kama ukanda wa kiatu ndani. Makaa nayo yametoka katika miti, na miti haioti kwa siku moja. Basi asiyejua kuutawala moto hupoteza vitu vitatu pamoja: nyama, makaa na heshima ya meza yake.

Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini nyama hii yataka polepole. Ng'ombe hana mifupa ya mtulinga kama sisi, kwa hiyo misuli ya kifua chake husaidia kubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Misuli ifanyayo kazi nyingi hufungwa kwa nyuzi nyeupe zilizo imara, na kitu kilichomo ndani ya nyuzi hizo huitwa kolajeni. Ukiitia nyama hiyo katika moto mkali, misuli hujikunja na kukamua maji yake, ilhali kolajeni haijapata nafasi ya kuyeyuka. Lakini nyama ikikaa kwa muda mrefu katika joto la ndani lipitalo digrii 70 za Sentigredi, kolajeni hugeuka kidogo kidogo kuwa jelatini, yaani ule ute mzito tuuonao katika mchuzi wa kongoro ukisha poa. Ute huo ndio ulainishao nyama. Mageuzi haya hayaharakishwi kwa nguvu. Huja kwa muda.

Kwa sababu hiyo mafundi hupenda joto la ndani ya jiko liwe kati ya digrii 107 na 121 za Sentigredi, ndizo 225 hadi 250 za Farenhaiti. Joto likiwa chini mno, nyama hukawia katika hali ya uvuguvugu, na vijidudu viletavyo maradhi hupata nafasi ya kuzaana. Likiwa juu mno, ngozi ya nje huungua kabla ya ndani kulainika.

Sasa na tutazame chombo chenyewe. Si lazima kinunuliwe ng'ambo. Pipa la chuma la lita 200 latosha, maadamu halikupata kutiwa sumu, dawa za mashamba wala mafuta machafu. Pipa la chakula ndilo bora. Rangi iliyomo ndani iondolewe yote kwa moto mkali na kusuguliwa kabla ya chakula kuingia. Wala msitumie mabati yaliyopakwa zinki penye moto, kwa kuwa zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye madhara.

Karibu na sakafu ya pipa toboeni matundu matatu ya hewa, kila moja lenye upana wa sentimeta 2 hivi, na kila moja liwe na kizibo chake cha chuma. Juu, penye mfuniko, pawe na matundu mengine ya kutolea moshi. Makaa yakae katika kikapu cha chuma kilichoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, ili majivu yaanguke chini na hewa ipite. Wavu wa nyama uwe juu, mbali na makaa kwa kadiri ya sentimeta 60. Katikati, kati ya makaa na nyama, wekeni karai la maji.

Karai hilo lina kazi kubwa. Maji huchukua joto jingi kabla ya kuchemka, na yakisha chemka hayapandi tena, bali hugeuka mvuke. Kwa hiyo moto ukizidi, maji huumeza ule ukali. Moto ukipungua, maji hurudisha joto kidogo kidogo. Katika pwani maji huchemka penye digrii 100. Katika mji wa Nairobi, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,600, huchemka penye digrii 94 au 95 hivi. Tena karai huzuia mafuta ya nyama yasidondokee makaa na kuwasha miali.

Tumefika penye moyo wa somo letu. Makaa ya miti kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kaboni haiungui peke yake. Huungua kwa kuungana na oksijeni iliyomo hewani. Pipa lenye makaa mengi na hewa kidogo litatoa joto kidogo. Pipa lenye makaa hayo hayo na hewa nyingi litakuwa tanuri la mhunzi. Ndiyo maana twasema kwamba wingi wa makaa huamua moto utadumu muda gani, bali wingi wa hewa huamua moto utakuwa mkali kiasi gani. Anayetaka kuongeza joto asikimbilie gunia la makaa. Na afungue tundu. Anayetaka kulipunguza asimwage maji motoni. Na afunge tundu.

Tundu lipi lifungwe? La chini. Matundu ya juu yaachwe wazi wakati wote wa kupika. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutoka juu, na inapotoka huvuta hewa mpya kuingia chini. Ukiziba juu, moshi hukwama ndani, hupoa, hugeuka masizi na lami, na nyama hupata uchungu ambao hakuna kiungo kiwezacho kuuficha. Tazameni rangi ya moshi. Moshi mweupe mzito ni dalili ya moto unaokosa pumzi. Moshi mwembamba wenye rangi ya samawati, usioonekana vizuri mpaka utazame kwa makini, ndio moshi mwema.

Namna ya kuyapanga makaa nayo ina maana. Mtu akiyawasha yote kwa mara moja, yote yatadai hewa na kutoa joto pamoja, na baada ya saa chache yamekwisha. Njia iliyo bora ni kukijaza kikapu makaa yasiyowashwa, kufanya kishimo katikati, kisha kutia hapo vipande 15 au 20 tu vilivyokwisha kuwaka vema. Moto utatambaa kutoka kaa hadi kaa, kama utambi unaoungua polepole, na saa nyingi zitapita kabla haujafika mwisho. Katika Marekani njia hii huitwa kwa jina la Jim Minion, mpishi wa mashindano aliyeieneza.

Makaa yawe makavu. Chekecheni vumbi lake kwanza, kwa maana vumbi huziba nafasi kati ya vipande na kuzuia hewa. Vipande vikubwa vichanganywe na vidogo kwa kiasi. Kwa ajili ya harufu, tieni kati ya makaa vipande vitatu au vinne vya mti mgumu mkavu, kila kimoja kadiri ya ngumi. Watu wa Texas hutumia mwaloni. Kwetu mwembe na mpera yafaa. Epukeni miti yenye utomvu mwingi kama msonobari, mbao zenye rangi au dawa, na mti wowote msioujua.

Basi moto umewashwa na matundu yote yako wazi. Hapa ndipo wengi hushindwa. Hungoja mpaka kipimajoto kionyeshe digrii 115, ndipo wakafunga matundu. Kumbe wamechelewa! Makaa yaliyokwisha kuwaka hayazimiki mara moja, na chuma kilichopata moto hakipoi mara moja. Joto litaendelea kupanda mpaka 150 au zaidi, na kulishusha ni kazi ndefu kuliko kulipandisha. Nahodha wa jahazi hangoji mpaka chombo kifike gatini ndipo atue tanga. Hulitua mapema, akijua kwamba chombo kitaendelea kwenda kwa mwendo wake kilio nao. Na fundi wa moto hufanya vivyo hivyo. Joto likifika digrii 80, fungeni tundu moja kabisa. Likifika 95, fungeni la pili. La tatu liacheni wazi nusu, mkatazame. Matundu ya kila pipa yana tabia yake, lakini kanuni ni moja: lifikieni joto mnalolitaka kutoka chini, tena polepole.

Baada ya kila badiliko ngojeni dakika 15 kabla ya kufanya jingine. Anayegeuza tundu kila dakika mbili hajui ni tendo gani lililoleta matokeo gani. Yu kama mgonjwa anayekunywa dawa tano kwa pamoja, kisha akauliza ni ipi iliyomponya. Na kipimajoto kiwekwe karibu na nyama, penye wavu, kwa kuwa joto la juu ya mfuniko na joto la penye nyama si sawa, na tofauti yaweza kuwa kubwa.

Upepo ni adui wa siri. Pepo zikivuma penye matundu ya chini, huingiza hewa kwa nguvu, na joto hupanda ingawa hakuna aliyegusa kitu. Wekeni kizuizi cha bati au ukuta upande ule upepo utokako. Joto likishuka katikati ya kazi bila sababu, chunguzeni kwanza majivu. Mara nyingi yameziba kikapu, na kukitikisa kidogo kwatosha.

Na mfuniko? Wahenga walisema, Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mara mfuniko ufunguliwapo, joto lililokusanywa kwa taabu hutoka. Wakati huo huo hewa nyingi huingia na kuyachochea makaa. Kwa hiyo joto hushuka kwanza, kisha hupanda kupita kiasi. Nyama haiivi kwa kutazamwa. Fungueni kwa sababu iliyo wazi tu: kuongeza maji katika karai, au kuipima nyama.

Sasa twafikia jaribu la subira. Baada ya saa kadhaa joto la ndani ya nyama litakuwa limepanda vizuri, 40, 50, 60. Lakini likifika mahali kati ya digrii 65 na 75, husimama. Saa moja hupita, saa mbili hupita, pengine nne, na sindano haisogei. Mpishi asiyefundishwa huingiwa na hofu. Hufikiri moto umekufa, hufungua matundu yote, huongeza makaa, na nyama iliyotunzwa tangu alfajiri huharibika kwa nusu saa.

Sababu ya kusimama huku ni ile ile ipozayo maji ya mtungi. Sote twajua kwamba mtungi wa udongo uliowekwa penye upepo hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huchukua joto, na maji yaliyomo hubaki baridi hata wakati wa jua. Nyama nayo hutoa jasho. Maji yake yakikauka juu yake huondoa joto sawa na lile moto unaloleta, na kwa hiyo haipandi wala haishuki. Mtaalamu wa fizikia wa Marekani, Greg Blonder, alionyesha jambo hili kwa kutia jikoni sifongo lililolowa maji pamoja na pande la mafuta matupu. Sifongo lilisimama kama nyama isimamavyo; mafuta, yasiyo na maji ya kukauka, yalipanda bila kusita.

Basi mkilijua hilo hamtaogopa. Mwaweza kungoja tu, kwa maana jasho litapungua na joto litapanda tena. Au mwaweza kuifunga nyama katika karatasi safi isiyo na nta, au karatasi ya foili, au jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Kufunga huzuia jasho lisikauke, na safari hufupika. Lakini moto wenyewe msiuguse.

Nyama huwa tayari joto lake la ndani lifikapo kati ya digrii 93 na 96. Hata hivyo msiamini nambari peke yake. Chomeni kwa kijiti cha mshikaki. Kikiingia kama kiingiavyo katika parachichi lililoiva, kazi imekwisha. Itoeni, ifunikeni, ipumzike saa moja, ili maji yaliyomo yatulie. Kisha ikateni kwa kukingama nyuzi zake, wala si kwa kuzifuata.

Imebaki habari iliyo kubwa kuliko nyama, nasi twaomba mtusikilize vema. Makaa yanayoungua kwa hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na mtu husikia kichwa kizito na usingizi, akalala asiamke. Pipa letu, kwa vile twalinyima hewa makusudi, hutoa sumu hiyo kwa wingi. Kwa hiyo kazi hii ifanyike nje, mahali wazi, mbali na madirisha. Mvua ikinyesha, jengeni banda lisilo na kuta. Msiliingize pipa nyumbani, wala sebuleni, wala katika ghala lenye mlango wazi. Na kazi ikiisha, zibeni matundu yote, ya chini na ya juu. Makaa yatakosa hewa na kuzimika, na yaliyobaki yatafaa siku nyingine. Lakini pipa lilale huko huko nje mpaka asubuhi, kwa maana kaa lionekanalo limekufa laweza kuwa lingali hai chini ya jivu, na watoto wasilikaribie.

Mwisho twatoa shauri kama walimu. Kabla ya kununua kidari, fanyeni jaribio kwa pipa tupu lenye karai la maji tu. Chukueni daftari, pigeni mistari, na kila nusu saa andikeni saa, hali ya matundu, joto, na kama upepo wavuma. Fanyeni hivyo kwa saa tano au sita. Mwisho wa siku mtakuwa mmelijua pipa lenu kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake, na mtajua tundu lipi likifunguliwa nusu huleta digrii ngapi. Nyama ya kwanza nayo isiwe kidari. Anzeni na kuku, au kipande kidogo cha bega, ambacho hasara yake yachukulika.

Moto ni mtumishi mwema na bwana mkali, na ufunguo wa kuutawala ni tundu dogo la hewa, kadiri ya upana wa kidole gumba. Mwenye kulishika tundu hilo kwa akili na kungoja kwa saburi atawakaribisha wageni wake bila wasiwasi. Mstahimilivu hula mbivu.